Bangili Tatu za Waya wa Jiko

Jiko la umeme likitoka mezani kwa Mama Chapchap lilikuwa linachemsha kama limetukanwa. Ndiyo maana wakampa hilo jina. Watu walikuwa wanawapita mafundi watatu barabarani, wote wanaume, wote wana mabango ya rangi, wanakwenda kwenye meza yake ya mbao ubavuni mwa duka la vyombo kwa sababu moja tu: ukimpelekea jiko bovu, linarudi kali kuliko siku lilipotoka dukani.

"Mama Chapchap, umelifanya nini hili?" walimuuliza. "Mbona likiwa jipya halikuwa hivi?"

"Mkono," alikuwa anajibu, huku anaonyesha kiganja. "Mkono hauuzwi dukani."

Mkono gani? Jiko la aina ile ni sahani ya udongo yenye mifereji, na ndani ya mifereji umelala waya uliosokotwa kama springi. Hiyo ndiyo koili. Ikimwagikiwa na chumvi mara mbili tatu, inakatika. Kuna mafundi wanaoweka koili mpya. Yeye alikuwa anakata kipande kilichoungua, anaivuta ile iliyobaki mpaka ijae mfereji, anaifunga kwenye skrubu, kwisha. Koili imekuwa fupi, jiko limekuwa kali. Kwa nini? Hakuwahi kujiuliza. Marehemu mumewe alimwachia ile meza, koleo moja, bisibisi nne na hiyo tabia.

Tena alikuwa na nadharia yake, na mtaa mzima ulikuwa nayo. Waya ukipungua, umeme unaoliwa nao unapungua. Mdomo mdogo, tonge dogo. "Nakupa jiko kali lisilo na njaa," aliwaambia wateja bila kupepesa macho. Wala hakuwa anamdanganya mtu. Hakujua.

Aliyekuja kumjulisha ni mtoto wa dada yake.

Binti huyo alikuwa ameishi naye miaka minane, tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, tangu mama yake afariki kwenye moto. Sasa alikuwa chuo cha ufundi, mwaka wa pili wa umeme, na kila akirudi alikuwa anaikagua meza ya mama yake mdogo kama afisa wa forodha. Hiki nini? Hii nani kafunga hivi? Mama Chapchap alikuwa anamwita Mwalimu, kwa kumtania, lakini akimtaja kwa watu shingo ilikuwa inarefuka.

Siku moja alasiri, wateja hakuna, binti akatoa mita kwenye begi, ile yenye meno ya kung'ata waya.

"Mama mdogo, kaa hapa. Leo mimi ndiye fundi, wewe mteja."

"Mteja mkorofi, lakini. Haya, sema."

"Hili jiko jipya la muuza vyombo. Soketi inatoa volti ngapi?"

"Mia mbili thelathini. Usinifanye wa jana."

Binti akachomeka, akaing'atisha mita kwenye waya mmoja. Namba zikacheza, zikatulia. "Soma."

"Nne nukta tatu."

"Hizo ampea. Ndiyo umeme unaopita humo. Chukua simu, gawanya volti kwa ampea."

Mama Chapchap akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anaogopa simu itamuuma. "Hamsini na tatu na mkia mrefu."

"Mkia uache. Hizo omu. Ndiyo ukinzani, yaani ubishi wa waya. Umeme unataka kupita, waya unasema hupiti kirahisi. Sasa zidisha: volti mara ampea."

"Mia tisa themanini na tisa."

"Hizo wati, nguvu ya jiko. Zima, ligeuze, soma kibao cha chini."

Kibao kilisema elfu moja.

"Ala! Kumbe hivi vinamba vina maana?"

"Miaka yote ulidhani ni urembo?"

"Nilidhani namba ya simu ya kiwandani."

Walicheka mpaka muuza vyombo akatoka kuchungulia. Kisha binti akavuta jiko jingine, la mama wa saluni, ambalo Mama Chapchap alikuwa amelikata mara mbili mwaka ule. "Kabla sijawasha, sema litasoma ngapi."

"Tatu. Waya mfupi, halina njaa."

Likasoma tano nukta nane.

"Mita yako mbovu," Mama Chapchap akasema.

"Mita nzima. Fikiria, mama mdogo. Waya mrefu, ubishi mwingi. Ukiukata, umepunguza ubishi, umeme unapita mwingi zaidi. Volti ni zile zile. Piga hesabu."

Akapiga. Omu arobaini kasoro. Wati elfu moja mia tatu thelathini na nne. Akaziangalia zile namba, akaangalia jiko, akaangalia kiganja chake.

"Ndiyo siri ya mkono wako hiyo," binti akasema, na alisema kwa mapenzi, hakuwa na ubaya wowote. "Ulikuwa unawaongezea watu moto bila kuwaambia."

"Na likikatwa mara tatu?"

"Ampea saba hivi. Lakini mwehu gani akate mara tatu? Halafu umkute kalifungia na kiwaya chembamba! Hilo si jiko tena, mama mdogo. Hilo ni kiberiti."

Mama Chapchap akasema anakwenda chooni. Alikaa huko mpaka binti akaja kugonga mlango.

Sasa sikia kilichomkalisha huko.

Dada yake alikuwa mfanya usafi wa ofisi, zamu ya usiku, mtu wa kucheka mpaka msibani. Jiko lake lilikatika mara tatu, na mara tatu lilikuja kwenye meza ya mdogo wake. Vile vipande vilivyokatwa hakuviacha vitupwe. Alikuwa anavilegeza kidogo, anavikunja duara, anapinda ncha ziwe ndoano, na kumvalisha mtoto mkononi. "Angalia, bangili za bure! Nani kasema sisi si matajiri?" Mtoto alijua zinatoka mezani kwa mama mdogo, basi. Chuma chakavu ni chuma chakavu. Mkono ulipokua zikagoma kupita, akazitundika kwenye zipu ya begi. Begi lilibadilika mara nne. Bangili hazikubadilika.

Mara ile ya tatu, waya wa jiko, ule unaokwenda kwenye plagi, ulikuwa umekakamaa na kupasuka. Mama Chapchap akautoa, akaweka waya wa taa ya mezani aliokuwa nao. Waya ni waya, si ndivyo? Ulikuwa mrefu mno, kwa hiyo alipompelekea dada yake nyumbani aliukunja vizuri, akaufunga na mpira, akauchomeka nyuma ya godoro usije ukamkwaza mtoto. Dada akamsifu: "Mdogo wangu una akili wewe!"

Wiki mbili baadaye dada yake alirudi kazini asubuhi, akalala. Mtoto alikuwa shule. Mume akamwekea maji ya kuoga juu ya lile jiko, akatoka kununua sabuni. Njiani akakuta watu wanacheza drafti, akasimama. Dakika arobaini. Aliporudi, chumba kilikuwa moshi mtupu.

Hukumu haikuchukua hata siku. Kaacha jiko linawaka, kaenda kucheza. Watu wakasema, ndugu wakasema, na yeye mwenyewe akasema, tena mbele ya kaburi: mimi ndiye. Mtoto akasikia. Toka siku ile hakumwita baba. Alikuwa "yule mtu". Akahamia kwa mama mdogo, na mama mdogo akampokea kwa mikono miwili, akimlaani shemeji yake kimoyomoyo kila alipokuwa anamsuka mtoto nywele.

Jumapili ikafika. Binti alikuwa uani anafua, begi lipo kitini. Mama Chapchap akazitoa zile bangili kwenye zipu. Akazifungua ndoano, akasugua ncha kwa msasa kama alivyoonyeshwa, akageuza kitufe cha mita kwenye omu. Ya kwanza sita. Ya pili sita na nusu. Ya tatu saba na nusu. Akajumlisha kwa vidole, halafu kwa simu.

Ishirini.

Jiko zima, la aina ile ile aliyokuwa nayo dada, omu hamsini na tatu. Toa ishirini zilizokuwa zinaning'inia kwenye begi la mtoto. Zikabaki thelathini na tatu. Mia mbili thelathini gawanya kwa thelathini na tatu: ampea saba kasoro kiduchu. Mara volti: wati elfu moja na mia sita. Kisha akapiga magoti, akavuta kutoka chini ya kitanda salio la roli la ule waya wa taa, akausogeza dirishani. Umeandikwa maandishi madogo ubavuni, na miaka yote hakuwahi kuyasoma. Ampea tano.

Jiko zima lingekula nne na kitu, waya ungevumilia. Saba, tena waya umekunjwa fungu moja, umebanwa na godoro, pa kupumulia hakuna. Akakumbuka na sufuria. Waliitoa kwenye majivu ikiwa na kifuniko chake, maji ndani, matako hayajaungua. Wote waliiona. Hakuna aliyeuliza: jiko lililosahauliwa linaunguzaje nyumba na kuiacha sufuria yake?

Akazirudisha bangili kwenye zipu, kwa mpangilio ule ule. Uani binti alikuwa anaimba huku anakamua shuka.

Jumatatu alikwenda kwa shemeji yake. Huyu alikuwa mtunza bustani wa zahanati, na alikuwa amepanga chumba nyuma ya zahanati hiyo. Mlango uko wazi, mchana kweupe, na juu darini kishikio cha balbu kitupu. Miaka minane alikuwa hataki umeme. Alikuwa anapikia mafuta ya taa, na mwenye nyumba alishachoka kumuuliza.

"Shemeji! Leo umepotea njia?" Akainuka na kupangusa kiti kwa mkono. "Karibu. Ila kiti ni kimoja, itabidi tugombanie."

"Kaa wewe. Nimekuja kusema nikiwa nimesimama."

"Ukisimama hivyo unafanana na mwenye nyumba. Kaa bwana, unanitisha."

Akakaa. Akatoa karatasi, akamweleza yote bila kupaka mafuta: koili, bangili, waya wa taa, mpira, godoro. Mwanamume akaifuata hesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma barua ya ugenini.

"Hii saba ndiyo nini?"

"Umeme uliokuwa unapita."

"Na hii tano?"

"Waya niliouweka mimi."

Akaipitia tena toka juu. "Kwa hiyo si jiko kusahauliwa."

"Sufuria ilikuwa na maji, shemeji."

"Ndiyo. Ilikuwa na maji." Alisema kama aliyekuwa anaijua ile sufuria kila siku lakini hajawahi kupewa ruhusa ya kuitaja. Kisha akauliza lile ambalo Mama Chapchap aliliogopa njia nzima. "Na kama ningekuwepo?"

Hapo uongo ulikuwa rahisi. Angesema tu, hata ungekuwepo isingesaidia.

"Ungekuwepo ungeona moshi. Ungemtoa. Hilo siwezi kukupa."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Basi tumegawana."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Shemeji akaikunja karatasi, mara mbili, mara nne, akamrudishia mkononi na kuufumba mkono wake.

"Mtoto anajua?"

"Bado."

"Usimwambie."

"Shemeji..."

"Nisikilize. Kunichukia mimi kashazoea, na mimi nimezoea. Ukimwambia leo, kesho anaamka kwa nani? Mama hana. Baba ndiyo mimi huyu. Wewe ndiye nyumba yake. Niache mimi niwe mbaya. Hiyo kazi naijua, siku ya kwanza tu ndiyo ngumu."

Mama Chapchap alitoka pale na ruhusa mfukoni, na nisiseme uongo, aliipenda. Siku kumi na moja aliitumia. Alipika, alicheka, aliuliza habari za chuo. Alimsuka binti nywele, na mara hii alianza upya mara mbili kwa sababu mstari ulikuwa unampotea. "Umezeeka, mama mdogo," binti akamtania. "Mstari umepinda kama barabara ya halmashauri."

Siku ya kumi na mbili walikuwa wanatoka sokoni wawili, mifuko mkononi. Mbele yao, upande ule ule, anakuja shemeji na fagio la bustani begani. Aliwaona. Akainua mkono kusalimia. Binti akavuka barabara, akatembea upande wa pili huku anaangalia mbele. Na ule mkono uliokuwa umeinuliwa ukabaki hewani kidogo, halafu ukashuka kichwani ukajifanya unajikuna.

Huo mkono ndio uliommaliza. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Yeye alikuwa amechuma, amewaachia wa kwao walile, mwenyewe anajipangusa mdomo.

Walipofika nyumbani hakungoja hata mboga zitoke mfukoni. Akaweka karatasi mezani.

"Mwalimu, nisahihishie."

Binti akatabasamu, akachukua kalamu. "Haya tuone. Hamsini na tatu, sawa. Toa ishirini, sawa. Gawanya... sawa. Zidisha, sawa. He, umeiva!" Akapiga vema nne, za haraka haraka. Akafika chini. "Waya ampea tano? Hilo jiko la nani? Mwambie alizime sasa hivi."

Mama Chapchap akanyoosha mkono, akagusa bangili kwenye zipu. Akazigusa moja, mbili, tatu.

Ilichukua muda. Kalamu ikasimama. Binti akairudia karatasi toka juu, safari hii midomo inacheza. Akaipiga hesabu upya pembeni kwa mwandiko wake. Akachukua mita, akapima bangili mwenyewe, akaandika, akajumlisha. Akapima tena.

"Umekosea mahali," akasema.

"Wapi?"

"Mahali! Lazima umekosea mahali!"

Akatafuta. Hakuna aliyewahi kuitafutia hesabu kosa kwa hamu kama ile. Kosa halikuwepo. Alikuwa amemfundisha vizuri.

"Waya huu uliufunga wewe?"

"Mimi."

"Ukaweka nyuma ya godoro wewe?"

"Usije ukajikwaa."

Binti akafumba macho. Alipoyafumbua hakumwangalia usoni, aliangalia mikono. "Umekuwa unanisuka na mikono hiyo miaka minane."

"Nimejua Jumapili ile ulipokuwa unafua tu, mwanangu. Sikujua."

"Najua hukujua! Najua!" Akapiga meza. "Baba anajua?"

Baba. Miaka minane halijatoka mdomoni mwake.

"Anajua. Kanikataza nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Ili ubaki na mimi."

Binti akainuka, akaanza kukusanya: daftari, sare ya chuo, ndala, mita. Mama Chapchap alitaka kumwambia asisahau sweta, akaona hana haki ya kusema sweta. Alisahau sweta. Bangili alizichukua zote tatu. Na karatasi aliichukua.

Miezi ikapita. Meza ipo pale pale, lakini siku hizi Mama Chapchap hakati koili. Anaweka mpya, anapima kwa mita aliyojinunulia, na anaandika kwa chaki chini ya kila jiko: volti ngapi, ampea ngapi, omu ngapi. Majiko yote aliyowahi kuyakata alijaribu kuyafuata nyumba kwa nyumba ayarudishe. Wengine walimfukuza. Mama wa saluni ndiye aliyesema waziwazi: "Majiko yako siku hizi mazito, dada. Mkono umepoa?"

"Umepoa," alijibu.

Wateja wakarudi kwa wenye mabango. Jina likabaki, kwa sababu jina halina pengine pa kwenda.

Binti hakurudi. Alisikia tu kwamba yupo chuo, mzima, basi. Sweta lilifuliwa, likakunjwa, likawekwa karibu na mlango.

Juzi alikuwa anampelekea mteja jiko, amelikumbatia kifuani, na njia ilipitia nyuma ya zahanati. Hakuipanga. Au aliipanga, sijui, miguu ina mambo yake. Kwenye ukuta wa chumba cha shemeji, toka kwenye nguzo mpaka tundu pembeni ya dirisha, palikuwa na waya mpya wa kijivu. Mnene. Akasogea. Umebanwa kwa vishikizo kila shibiri, misumari yote imeelekea upande mmoja, hakuna hata mmoja uliopinda. Kuna mtu mmoja tu aliyemjua ambaye angerudia kuung'oa msumari kwa sababu umeangalia upande usio wake.

Akaupima kwa macho. Ule wa milimita mbili nukta tano. Huo unabeba ampea ishirini bila kutoka jasho, weka jiko, weka pasi, weka unachotaka.

Ndani kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagonga gonga, maji yameanza kuchemka. Sauti ya binti ikasema, "Baba, nimekwambia usiguse hiyo ikiwa imechomekwa," na sauti ya mwanamume ikajibu kitu, chini chini, na pakawa na ukimya wa watu wawili ambao bado hawajazoeana.

Mama Chapchap alisimama hapo mpaka mikono ikaanza kuuma. Jiko lilikuwa zito. Akalihamishia upande wa pili wa kifua, akaondoka kabla mtu hajafungua mlango.